Sikio gani liende thieta kwanza wakati wa korona, na gani linaweza ngoja

Tuchukue watu wawili, wa mfano tu. Wa kwanza anakaa Kitengela, sikio la kushoto linamtoa usaha wenye harufu mbaya tangu akiwa shule ya msingi, haliumi, amezoea, akienda job anaweka pamba na maisha yanaendelea. Wa pili ni wa Kahawa West, yeye ana tundu kavu kwa ngoma ya sikio, akioga anaogopa maji, simu za kazi zinamshinda, na amechanga mwaka mzima ndo hilo tundu lifungwe, tarehe yake ilikuwa Aprili 2020. Halafu korona ikaingia. Uliza hao wawili nani ana haraka, wa Kahawa atasema ni yeye na wa Kitengela atakwambia mimi niko sawa tu. Na ni kinyume kabisa.

Ndo maana nimeona niweke hizi shida za masikio kando kwa kando, manake gonjwa likienea hivo thieta zinakuwa chache, na foleni haifuati nani anasumbuka zaidi. Inafuata kitu kimoja: ukingoja, ugonjwa utakula nini ambacho hakirudi? Mfupa? Neva ya uso? Ama miaka ya mtoto ya kujifunza kuongea? Maumivu hayakwambii hiyo, na kwa masikio ndo yanadanganya zaidi.

Kukumbusha tu venye ilikuwa. Kisa cha kwanza cha Kenya kilitangazwa 13 Machi 2020 na waziri wa afya Mutahi Kagwe, kafyu ikaanza 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi, halafu 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikafungwa, hutoki huingii, mpaka Julai. Kitengela, Rongai, Ngong na Athi River zilihesabiwa ndani, lakini mtu wa Machakos mjini au Murang'a alikuwa nje, na daktari wake wa masikio yuko huku. Hospitali nyingi zikasimamisha upasuaji wa kupangiwa tarehe. Na si hapa tu, watafiti walikadiria dunia nzima oparesheni milioni 28.4 zingefutwa au kusongeshwa kwa zile wiki 12 mbaya zaidi, kwa hivyo ukisongeshwa usifikirie daktari ana kinyongo na wewe.

Uingereza waliandika ngazi zao mwaka huo huo: upasuaji wa ndani ya masaa 24, wa masaa 72, wa ndani ya mwezi, wa ndani ya miezi 3, na ule unaweza kupitisha miezi 3. Mimi hiyo njia naipenda, hata kama thieta zetu si kama zao, kwa sababu kila sikio linapewa muda wake, hakuna mambo ya "tutakupigia".

Kwanza, sikio linaingiaje kwa maneno ya korona

Watu walishangaa, korona si ni ya mapafu? Sasa nyuma ya pua kuna mrija unaopanda mpaka sikio la kati, ndo ule unafunguka ukiteremka Mai Mahiu na masikio yanazibuka, na ngozi laini ya ndani ya pua ndo hiyo hiyo inaendelea mpaka huko. Kirusi kikishakaa puani hakuna mlango wa kukizuia. Mwaka 2020 watafiti wa Johns Hopkins walipima miili ya watu 3 waliokuwa na korona wakafa, na kwa 2 kati yao wakapata kirusi kwa sikio la kati ama kwa mfupa wa nyuma ya sikio. Watu watatu ni wachache, najua, lakini ilitosha kunyima madaktari wa masikio usingizi, kwa sababu kufika huko ndani mara nyingi lazima uchimbe huo mfupa wa mastoidi (shika nyuma ya sikio, ule mgumu) na drili inayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika huku maji yanamwagwa, na hiyo inarusha ukungu wa maji, damu na unga wa mfupa hewani, na daktari amekaa hapo hapo na hadubini masaa matatu. Miwani mikubwa ya kujikinga nayo inamzuia kusogeza macho karibu na hadubini, kwa hivyo achague, aone vizuri ama ajikinge vizuri. Wengine walitengeneza kahema ka plastiki kati ya hadubini na kichwa cha mgonjwa, drili ifanye kazi ndani ya hema.

Na hatari si ya daktari peke yake. Ripoti iliyotoka kwa jarida la Lancet mwaka 2020 iliangalia wagonjwa 1,128 waliopasuliwa wakiwa na korona, upasuaji wa kila aina, kabla chanjo hazijakuja: 23.8% walikufa ndani ya siku 30, na zaidi ya nusu walipata shida ya mapafu. Hao hawakuwa watu wa masikio peke yao, wengi walikuwa wazee na wagonjwa sana, kwa hivyo usichukue hiyo namba ukaibandika kwa kijana wa miaka 25 anayefungwa tundu la sikio. Lakini inakuonyesha kwanini wakati ule hakuna mtu angekuingiza thieta hivi hivi tu kwa kitu ambacho kinaweza ngoja.

Usaha wa harufu mbaya vs tundu kavu

Turudi kwa wa Kitengela. Sikio moja, usaha kidogo kidogo wa miaka, harufu ambayo hata mwenye nyumba anaisikia, kusikia kunapungua pole pole, na dawa za matone zinakausha wiki mbili halafu inarudi. Hiyo daktari akiichungulia mara nyingi anapata kolesteatoma, yaani ngozi ambayo imeingia ndani ya sikio la kati ikajikusanya kama mfuko, na huo mfuko unakua. Si kansa. Lakini unakula mfupa. Unaanza na vile vifupa vitatu vidogo vya kusikia, halafu unaweza kufika kwa neva ya uso ambayo inapita hapo hapo, kwa sikio la ndani mtu akaanza kuona dunia inazunguka, na juu kuna kadari kembamba tu ka mfupa, ukikatoboa umefika kwa utando wa ubongo. Homa ya uti wa mgongo, jipu la ubongo, damu kuganda kwa mshipa mkubwa wa nyuma ya sikio, zote zinaweza kutoka kwa sikio ambalo "halina shida".

Dawa ya kumeza ya kuondoa kolesteatoma hakuna. Matone yanapunguza usaha tu, mfuko unabaki. Dawa yake ni kisu.

Wa Kahawa naye? Tundu kavu halili kitu. Kusikia kwake kwa Juni kutakuwa kama kwa Aprili, na ngozi ya kufunga, ambayo huwa wanatoa juu ya msuli wa kichwa hapo hapo karibu na sikio, itakuwa bado ipo. Adui yake ni maji na mafua. Akilinda sikio anaweza kungoja miezi sita, hata mwaka, na upasuaji ukafanyika vile vile tu. Inakera, kwa kazi inaumiza kweli, na si haki kumwambia "si muhimu", lakini kwa foleni anakaa nyuma. Ile pesa aliyochanga, kama simu ndo inamtesa, ni afadhali aulize bei ya mashine ya kusikia ya kushikilia.

Sasa kwa kolesteatoma zenyewe pia kuna kupangana. Uso umelegea upande mmoja, kizunguzungu kikali, homa na kichwa kinauma sana, uvimbe nyuma ya sikio: hiyo ni ya leo ama kesho, korona iwe isiwe, na timu ilikuwa inajivalia kama vile mgonjwa tayari ana korona. Mtoto mwenye kolesteatoma anasogea mbele ya mtu mzima, kwa watoto huwa inakimbia. Iliyotulia kwa mtu mzima inaweza kusongeshwa wiki kadhaa, hata miezi mitatu hivi, mradi anarudi kliniki kuvutwa uchafu kwa mashine na kuangaliwa. "Mpaka korona iishe" hapana, hiyo sikubaliani nayo hata kidogo, manake hakuna mtu alijua itaisha lini, kafyu yenyewe iliondolewa 20 Oktoba 2021.

Na kwa Nairobi kuna hatari ingine ambayo haiko kwa vitabu. Mtu akisongeshwa bila tarehe mpya, anapotea. Kazi imeisha, kodi imemshinda, anaenda ushago, laini ya simu anabadilisha, kliniki ikifunguka hakuna wa kumpata, na kwa kuwa sikio haliumi hawezi kujirudisha. Kwa hivyo kama uko na hii kitu, usitoke hapo bila siku imeandikwa kwa kadi, na namba ya mtu wa pili, mama, dada, hata jirani.

Mtoto wa maji ya sikio vs mtoto wa uvimbe nyuma ya sikio

Wazazi wengi wanachanganya hizi. Mtoto ambaye anaongeza TV sauti, ukimwita haitiki, hana homa, haumwi, mara nyingi ni majimaji mazito yamekaa nyuma ya ngoma baada ya mafua. Hiyo hata bila korona huwa inangojewa kama miezi mitatu, nyingi zinaisha zenyewe, ndo ikikataa wanaweka kamrija kadogo kwa ngoma. Na lokdauni ilisaidia: shule zilifungwa Machi 2020, watoto hawakupeana mafua, na nchi nyingi ziliona maji ya masikio yamepungua sana. Kwa hivyo yule alikuwa kwa foleni ya kamrija alifaa kupimwa tena kabla ya thieta, pengine hakuwa na haja nayo tena.

Mtoto wa pili ana homa, analia, nyuma ya sikio kumevimba na kuwa kwekundu, na sikio lenyewe limesukumwa mbele kama limesimama. Huyo hangoji kuche. Ni usaha umeingia kwa mfupa. Analazwa, anapewa antibayotiki kwa mshipa, na wakati wa korona madaktari wengine walianza kwa kupasua jipu na kutoa usaha bila drili, wakaona kama atatulia. Akikaa siku moja mbili bila nafuu, drili inaingia, hakuna namna.

Implanti ya kokilea: hapa ndo foleni inakuwa ngumu

Mtu mzima aliyepoteza kusikia miaka iliyopita na anataka implanti (kifaa kinachopandikizwa kwa sikio la ndani kimsaidie kusikia) anaweza ngoja. Ni uchungu, hasa watu wakiwa wamevaa maski na yeye alikuwa anasoma midomo, hiyo kitu haikuongelewa vya kutosha. Lakini matokeo hayaharibiki sana kwa miezi michache.

Mtoto aliyezaliwa bila kusikia ni hesabu tofauti. Ubongo unajifunza lugha miaka ya kwanza, na faida ni kubwa zaidi akiwekewa mapema, kabla ya miaka miwili mitatu. Wa mwaka mmoja, miezi mitatu si mwisho wa dunia. Wa miaka mitatu ambaye tayari alichelewa kugunduliwa, halafu mchango wa familia ulichukua muda, halafu korona, huyo ukimrudisha nyuma mwaka mmoja umemchukulia kitu ambacho hutamrudishia. Familia ya hivo nayo isikae tu inangoja kifaa, lugha ya ishara ianze nyumbani sasa.

Na wa haraka kushinda wote ni mtoto ama mtu mzima aliyetoka kuugua homa ya uti wa mgongo akaamka hasikii. Ile konokono ya sikio la ndani inaweza kuanza kujaa mfupa ndani ya wiki chache, ikishajaa nyaya za implanti hazina pa kupita. Kwa hiyo mtu yeyote akitoka wodini na huo ugonjwa apimwe kusikia mara moja, na akiwa hasikii, anaruka foleni. Wale wengine wote kwa orodha ya implanti watamwelewa.

Zingine haraka haraka

Ule upasuaji wa kubadilisha mfupa mdogo wa stepi (kimoja cha vile vifupa vitatu vya kusikia) ulioganda: ngoja, tumia mashine ya kusikia. Uvimbe wa neva ya kusikia ambao si kansa: nyingi zinakua milimita moja ama mbili kwa mwaka, unafuatwa na MRI, isipokuwa umeanza kusukuma ubongo. Kansa ya sikio: haingoji, na mtu mzee mwenye sikio linalotoa damu na kuuma usiku asiambiwe kwa simu ni "infekshen" bila kuonwa. Kunyoosha masikio yaliyotokeza: tafadhali, hiyo ingoje.

Halafu kuna mbili ambazo si za foleni kabisa. Betri ya kitufe, ile ya saa ama ya mashine ya kusikia, ikiingia kwa sikio la mtoto inachoma ndani ya masaa, usimwage maji wala matone, kimbia. Na ya pili, umeamka sikio moja limezima ghafla bila maumivu, hiyo si uchafu mpaka daktari aseme ni uchafu. Dawa yake ni za steroidi na zinasaidia zaidi zikianzwa siku za mwanzo, baada ya wiki mbili nafasi inapungua sana. Wengi 2020 walikaa nyumbani wakiogopa hospitali, na hiyo ndo ilikuwa hasara. Kuna na wale walijinunulia klorokwini kwa duka la dawa juu ya korona, hiyo pia inaweza kudhuru kusikia.

Ukiambiwa ni sasa, ufanyiwe vipi na wapi

Hapa uliza maswali bila aibu. Drili ama bila drili? Matundu mengi na kolesteatoma ndogo zinaweza kufikiwa kupitia njia ya sikio na kamera nyembamba, endoskopi, mfupa unachimbwa kidogo sana ama hauchimbwi. Kolesteatoma iliyozama kwa mastoidi hiyo itataka drili, usimlazimishe daktari aifuate kwa kashimo ndo abaki ameacha kipande ndani. Usingizi ama ganzi? Ganzi inakuepusha na mpira wa kooni, ambao wenyewe unarusha hewa ya mapafu, na mtu mzima mtulivu anaweza kufungwa tundu akiwa macho. Mtoto sahau, atalazwa usingizi.

Hospitali ya serikali ya Kenyatta ama praiveti? Kenyatta ina wataalamu wote pamoja, ubongo, ICU, na kama shida imepanda kichwani nenda huko hata kama foleni inakutisha. Praiveti unapata tarehe haraka, lakini wakati wa korona hospitali zingine ziliongeza bei ya mavazi ya kujikinga kwa bili, kwa hivyo omba hesabu yote kwa maandishi kabla, na uulize bima inalipa gani. Wakati ule bima ya serikali ilikuwa NHIF, sasa ni SHA. Pia ilibidi uangalie wimbi la korona liko wapi. Machi 2021 oksijeni ilikuwa shida na kaunti tano zimefungwa tena, huo haukuwa wakati wa kulazimisha upasuaji unaoweza ngoja hata kama una pesa.

Na kama umeugua korona juzi? Utafiti mkubwa wa wagonjwa 140,231 kutoka nchi 116, uliotoka Machi 2021, ulionyesha hatari ya kufa baada ya upasuaji ilikaa juu mpaka kama wiki 7 baada ya kuambukizwa. Kwa tundu, wakati ule ulikuwa unangoja hizo wiki 7 na zaidi. Kwa kolesteatoma iliyotulia, ulingoja pia. Kwa jipu la ubongo, hapana, hapo hesabu imegeuka. Ukiwa bado unakosa pumzi ukipanda ngazi mwambie daktari wa usingizi, usifiche ndo tarehe isipotee.

Ukiambiwa ungoje

Sikio likae kavu. Pamba iliyopakwa Vaseline ukioga, kuogelea hapana. Usaha ukitoka, futa na kitambaa safi ama tishu iliyosokotwa, usiingize kijiti. Matone ya siprofloksasini daktari akikuandikia ni sawa hata ukiwa na tundu, lakini yale ya jentamaisini usijinunulie, yanaweza kupita kwa tundu yakaharibu sikio la ndani. Maski ya kamba za masikio inasumbua mwenye mashine, ukiivua inang'oka nayo na unaitafuta chini ya viti vya matatu, na mwenye kidonda kipya nyuma ya sikio inamkwaruza, kwa hivyo tafuta za kufunga kisogoni.

Na haya yakitokea ukiwa bado unangoja, uso kulegea, kizunguzungu cha kutapika, homa na shingo ngumu, uvimbe nyuma ya sikio, ama usikivu kushuka ghafla, usipige simu kliniki kuuliza kama tarehe imefika. Enda upande wa dharura usiku huo huo. Hata wakati ule, kafyu haikuwa inazuia mgonjwa wa dharura, ukisimamishwa kwa roadblock ulikuwa unawaonyesha kadi ya kliniki.